Amefika au Alifika? Nyakati za Kitenzi katika Ndimi za Kisangani

Siku hizi watu wengi wa Kisangani wataka kujua Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana nacho katika vitabu vya elimu yake. Mfanyabiashara aendaye Kampala hukutana nacho sokoni na forodhani. Kijana aliye na ndugu katika nchi za ng'ambo hukisikia kila mara katika simu. Wote hawa hutuambia neno moja: kukusanya maneno ya Kiingereza si kazi kubwa, lakini nyakati za kitenzi zatushinda. Je, tuseme "I go" au "I am going"? Tuseme "I saw" au "I have seen"?

Wengi hudhani kwamba dawa ni kupitia Kifaransa, maana Kifaransa na Kiingereza ni majirani wa Ulaya, na sisi tumefundishwa Kifaransa shuleni. Nasi twasema: kwa maneno ya vitabu, ndiyo, Kifaransa chasaidia sana. Lakini kwa nyakati za kitenzi katika mazungumzo ya kila siku, Kiswahili chatupa ufunguo ulio bora zaidi. Hata kile Kiswahili cha soko na cha njiani, ambacho wenye shule hukicheka. Ili tuone kama neno hili ni la kweli, yafaa tutazame kwanza historia.

NDIMI ZILIVYOFIKA KWENYE MAPOROMOKO

Kabla ya wageni kufika, penye maporomoko palikuwa na lugha za wenyeji: za Wagenia wavuvi, za Walokele wafanyao biashara mtoni, na za jirani zao wa msituni. Mwezi wa Januari 1877 Henry Morton Stanley alipita hapa na msafara wake. Yeye mwenyewe aliandika habari zake kwa Kiingereza, lakini watu wake wengi walikuwa wa Unguja na pwani, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Basi twaweza kusema kwamba Kiingereza na Kiswahili viliteremka mto huu katika mitumbwi ile ile.

Mwezi wa Desemba 1883 Stanley alirudi kwa mashua za mvuke, akaweka kituo kisiwani karibu na maporomoko. Mwaka 1887 Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alipewa na Dola Huru ya Kongo kazi ya kuwa liwali wa Stanley Falls. Watu wa pwani na Wangwana wakazidi kukaa, na lugha yao ikazidi kuenea. Katika miaka ya 1892 hata 1894 Dola ilipigana na Waarabu, na utawala wao ukaanguka. Lakini Kiswahili hakikuanguka pamoja nao. Wenyeji walikuwa wamekwisha kukifanya chao.

Kiingereza nacho hakikukosa njia. Wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walijenga Yakusu, chini kidogo ya mto, kabla ya mwaka 1900. Mmoja wao, Walter Henry Stapleton, alitunga kitabu cha kulinganisha lugha nane za ukingo wa mto Kongo, pamoja na Kiswahili. Kitabu hiki ni cha Kiingereza, nacho kilipigwa chapa mwaka 1903. Upande wa Wakatoliki, Padre Gabriel Grison wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu alianza misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwaka 1897. Lugha ya serikali na ya shule za juu ikawa Kifaransa, na baada ya Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ikabaki hivyo. Ndiyo sababu sisi wa Kisangani tumezoea kuitazama Ulaya yote kwa dirisha la Kifaransa.

WALIOANDIKA SARUFI WALIONA NINI?

Wageni wa kwanza waliotaka kuandika sarufi ya Kiswahili walikuwa na shida kama yetu, ila iliyogeuzwa. Sisi twauliza, Mwingereza hupangaje nyakati zake? Wao waliuliza, Mswahili hupangaje zake? Mmisionari Krapf alichapisha sarufi yake mwaka 1850. Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Waanglikana huko Unguja, alitoa kitabu chake mwaka 1870. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekaa miaka mingi Bagamoyo na Unguja, alitoa sarufi yake kubwa kwa Kifaransa mwaka 1909.

Walitambua kwamba Mswahili hana wakati mmoja tu wa mambo yaliyopita. Anazo silabi mbili, nazo hazisemi jambo moja. Akisema "mgeni amefika", maana yake mgeni yupo; nenda ukamsalimu. Akisema "mgeni alifika", anatupa habari ya siku iliyokwisha; huenda mgeni yupo bado, huenda amekwenda zake. Tendo ni moja, mlango ni mmoja, mgeni ni yule yule. Kilicho mbali ni namna msemaji alivyosimama mbele ya jambo lile: je, lashikana na sasa, au limefungwa?

Basi, Mwingereza naye hupambanua hivyo hivyo. "The visitor has arrived" ni "amefika". "The visitor arrived" ni "alifika". Ukisema "I have lost my key", watu wataanza kukusaidia kutafuta ufunguo, maana umesema "nimepoteza". Ukisema "I lost my key", watangoja uendelee na hadithi yako: lini, wapi, na kisha ikawaje?

Tena asili ya maneno haya yapendeza kujua. Wataalamu wengi hufikiri kwamba silabi -me- ilitoka katika kitenzi cha zamani chenye maana ya kumaliza. Katika Kiingereza, neno "have" lina maana ya kuwa na kitu. Hapo kale Mwingereza alisema kama vile, "Ninayo barua, imeandikwa", na kwa miaka mingi maneno haya yakakazana hata yakawa "nimeandika barua". Hawa wawili hawakukutana, hata hivyo kila mmoja alitafuta namna ya kusema kwamba kazi imekwisha na matunda yake yapo mkononi.

KWA NINI KIFARANSA CHATUPOTEZA HAPA?

Si kwamba Kifaransa ni lugha dhaifu. Nacho zamani kilipambanua. Sarufi maarufu ya Port-Royal, iliyotoka Paris mwaka 1660, yafundisha kwamba kuna wakati mmoja wa jambo la leo, na wakati mwingine wa jambo la jana na la zamani. Lakini ndimi hubadilika. Katika mazungumzo Wafaransa waliacha polepole ule wakati wa pili, wakauachia vitabu na hadithi zilizoandikwa. Leo katika kinywa cha Mfaransa, "j'ai vu" ni "nimeona", na "j'ai vu" hiyo hiyo ni "niliona".

Twaona basi jinsi mwanafunzi wetu anavyopotea. Ataka kusema kwamba alimwona mwalimu jana. Anapita kwanza kwa Kifaransa: "Je l'ai vu hier." Kisha anageuza neno kwa neno: "I have seen him yesterday." Mwingereza humfahamu, lakini huona kwamba maneno hayakukaa sawa, maana jana imefungwa, na "have" hutaka jambo lishikane na sasa. Kama mwanafunzi angaliuliza Kiswahili chake, angalijibiwa mara moja: "Nilimwona jana." Basi ni "I saw him yesterday."

Tujue pia kwamba Kiingereza hakiulizi kama jambo ni la karibu au la zamani sana. Lingala hutenga yaliyopita karibu na yaliyopita kale, na lugha nyingi za majirani zetu hufanya vivyo hivyo. Kwa Mwingereza "I ate" yafaa kwa chakula cha asubuhi ya leo, na kwa karamu ya mwaka 1990. Hapimi umbali wa njia. Huuliza tu kama lango limefungwa.

NIKO NAKULA

Sasa tuje kwenye Kiswahili chetu kinachochekwa. Mtu wa Kisangani akiulizwa kwa simu anafanya nini, husema: "Niko nakula." Mwalimu wa sarufi atamsahihisha: sema "ninakula". Vema, katika barua na shuleni aandike hivyo. Lakini asilitupe lile neno lake la kwanza, maana ndilo "I am eating" kabisa. "Niko" ni "I am". "Nakula" ni "eating". Katika Kiingereza cha zamani walikuwapo watu waliosema kama vile "yuko katika kuwinda", kwa habari ya mtu aliye mwituni saa ile ile. Twaona kwamba kusema "niko" mbele ya tendo si ujinga wa soko. Ni njia ambayo mataifa mengi yameipita.

Tena katika miji mingi ya mashariki ya Kongo watu huongeza -aka mwisho wa kitenzi kwa jambo la desturi: "banasemaka", yaani watu husema, ndivyo ilivyo kawaida yao. Pwani wangesema "husema". Hilo nalo lina mwenzake katika Kiingereza: "they say", bila "are" na bila "-ing". Basi kwa Kiingereza, "I eat fish" si habari ya saa hii, bali ni ya desturi: mimi ni mtu alaye samaki. "I am eating fish" ni habari ya sahani iliyo mbele yangu. Kifaransa husema "je mange" kwa yote mawili. Mvuvi Mgenia asiyejua kusoma huenda anao ufunguo huu kinywani mwake, wakati mwenye diploma angali anautafuta katika kitabu.

Lakini tujihadhari na mtego mmoja. Silabi -me- ya Kiswahili husema pia hali ambayo mtu yumo. "Mtoto amelala" ni "the child is sleeping". "Amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door". "Amevaa kofia" ni "he is wearing a hat". Hapa tusikimbilie "have". Tujiulize: je, nasema kwamba kazi imekwisha, au naeleza jinsi mtu alivyo sasa? Wakristo watakumbuka salamu ya Pasaka. Waingereza wa zamani walisema "is risen", hawakusema "has risen", maana kwa vitenzi vya kwenda, kuja na kuinuka walitumia neno la kuwa. Katika salamu ile waliitunza namna hiyo ya kale, nayo yakaribiana sana na "amefufuka" yetu.

HADITHI YA LIWALI

Kuna silabi moja ambayo Mwingereza hanayo, nayo ni -ka-. Kwa mfano ulio karibu nasi, tumtazame yule liwali wa Stanley Falls. Tippu Tip aliporudi Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley alizifasiri kwa Kiingereza. Ni kitabu cha safari, vita, pembe na deni, na kama ilivyo desturi ya Waswahili wasimuliapo, tendo hufuatana na tendo kwa -ka-: akaenda, akafika, akakuta, akarudi.

Mfasiri wa Kiingereza hana kiungo hicho. Afanyaje? Hutumia ule wakati wa "alifika", yaani "arrived", tena na tena, na mpango wa maneno ndio unaoonyesha lipi lilitangulia. Kwa hiyo ukisimulia kwa Kiingereza safari yako ya kwenda Ubundu, kila -ka- uliyo nayo moyoni uigeuze kuwa "-ed", au "went", au "came". "Nikaamka, nikanawa, nikaondoka" ni "I got up, washed and left". Usitie "have" katikati ya hadithi, maana hadithi imefungwa.

Na kwa mambo yajayo? Hapo ndugu wawili wamefanana tena. Wataalamu huona kwamba -ta- yetu ni kipande cha "taka". Neno "will" la Kiingereza nalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya kutaka. "Nitakuja" na "I will come" vyote viwili vilianza katika moyo wa mtu apendaye kuja.

NENO MOJA LAWEZA KUMHAMISHA MTU

Labda msomaji atauliza: makosa haya yana hasara gani, ikiwa Mwingereza hutufahamu? Mara nyingi hakuna hasara. Lakini siku nyingine ipo, tena kubwa.

Mama ampeleka mtoto kwa daktari mgeni asiyejua ila Kiingereza. Mtoto ana homa siku ya tatu sasa. Mama, au anayemfasiria, akisema "he had fever for three days", daktari aweza kufahamu kwamba homa imekwisha. Hapa "ana homa" ya Kiswahili, na "il a la fièvre" ya Kifaransa, vyote viwili havitoshi. Yatupasa kwanza kugeuza Kiswahili chetu: "Amekuwa na homa kwa siku tatu." Tukiisha kupata -me-, twapata "have": "He has had fever for three days." Sasa daktari ajua kwamba homa ingalipo.

Tutazame na jambo zito zaidi. Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Raia wengi walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka. Kongo ilikwisha kuishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ambayo lugha zake ni Kifaransa na Kiingereza. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa. Tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325 kwa hasara za vita vile katika Kongo, na mambo ya Kisangani yalikuwa miongoni mwa yale yaliyohesabiwa. Katika habari za namna hii, maneno ya mtu aliyeumia huweza kutoka kinywani mwake kwa Kiswahili, kupita katika Kifaransa, kisha kuingia Kiingereza.

Basi mtu asema: "Tulikaa Tshopo miaka kumi." Maana yake ni wazi: walikaa, kisha wakaondoka. Mfasiri wa Kifaransa aandika sawasawa: "Nous avons habité à Tshopo pendant dix ans." Akija mwingine asiyejihadhari, ageuza neno kwa neno: "We have lived in Tshopo for ten years." Lakini maneno haya kwa Mwingereza ni "tumekaa Tshopo miaka kumi", na wangaliko huko! Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake amerudishwa na karatasi, naye hana habari. Hakuna aliyesema uongo. Kila neno lilitafsiriwa kwa neno mwenzake. Ila -li- imepotea njiani, na pamoja nayo imepotea ile habari kwamba watu hawa hawana tena nyumba. Sahihi ni "We lived in Tshopo for ten years".

TUFANYE NINI?

Hapa Stanley Falls alifika mwaka 1890, kwa mashua ya mvuke, baharia mmoja wa Poland ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Joseph Conrad. Lugha ya mama yake ilikuwa Kipolandi. Kifaransa alikijua tangu ujana. Kiingereza alianza kukijifunza akiwa mtu mzima wa miaka kama ishirini, kati ya mabaharia. Hata hivyo vitabu vyake vya Kiingereza vyasomwa duniani kote. Basi asiseme mtu, "Mimi nimechelewa."

Twawashauri wasomaji wetu kujiuliza maneno matatu kabla ya kufungua kinywa. La kwanza: je, ni niko nafanya, au ni desturi? Kama ni niko nafanya, tumia "am" na "-ing". Kama ni desturi, tumia kitenzi kitupu. La pili: je, ni -me- au -li-? Ikiwa jambo lashikana na sasa, tumia "have". Ikiwa limefungwa, liache. La tatu: je, nasimulia kwa -ka-? Basi uendelee na ule wakati wa -li- hata mwisho wa hadithi.

Wenye watoto shuleni wafanye zoezi hili jioni. Mzazi aseme kwa Kiswahili, "Baba ameondoka", kisha aseme, "Baba aliondoka", na mtoto aeleze tofauti kabla ya kutafuta Kiingereza chake. Wengine watashangaa kuona mtoto anaijua tofauti bila kufundishwa na mtu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Anayeingia katika lugha ya wageni akiwa ameiacha yake mlangoni huingia mikono mitupu. Bali aliyeishika yake vizuri, hata gizani hupapasa akapata kitasa.